Hortense Hakutoroka Kazi

Kibuli, Kampala
Jumapili, 22 Juni 2025

Mpendwa dada Rukiah,

Assalaam alaykum. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Abdul-Karim na watoto. Mguu wa shemeji unaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia ameanza kutembea bila fimbo mpaka msikitini, nami nikamshukuru Mungu. Shamim naye, masomo ya ukunga yamekwendaje? Mwambie mama yake mdogo ana hamu ya kumwona na ile sare nyeupe.

Huku tu wazima. Goti la Mama Mkubwa linamsumbua wakati wa baridi tu, na mwaka huu mvua imechelewa kwisha. Shuleni tuko katikati ya muhula, madarasa yamejaa, na sauti yangu imekauka kama ilivyo kawaida yangu mwezi wa sita. Iliki ulizonitumia nilizipata zote, ahsante sana.

Ninakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu imenishinda. Kila ukipiga, Mama Mkubwa huweka sauti ya nje ili nyumba nzima ikusikie, na haya si ya kusikilizwa na nyumba nzima. Mwalimu mwenzangu Alum anakuja Tanga kwa semina, ndiye atakayekukabidhi.

Najua umeambiwa kwamba simsemeshi Nasur. Najua pia umeambiwa kwamba kisomo kimenipanda kichwani. Kama umeamini sikulaumu, maana wewe na Nasur nyote ni wa tumbo la Mama Mkubwa na mimi ni mtoto wa mama mdogo, ingawa mimi na wewe tulilala kitanda kimoja mpaka ulipoolewa. Nataka usikie na upande wangu, kisha uamue mwenyewe.

Unajua kwamba Nasur ni afisa utumishi katika kiwanda cha sapatu, ndala mnavyoziita huko, kule kwenye viwanda chini ya Bugolobi. Wenye kiwanda ni Wachina. Mwaka jana alinitafutia kibarua cha kuwafundisha Kiingereza mafundi na wasimamizi wao kila Jumamosi asubuhi, nami nilimshukuru kwa moyo wote. Wako tisa. Tunasomea katika stoo inayonuka mpira, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuchelewa. Kiingereza cha sokoni wanakiokota wenyewe. Walichotaka kwangu ni maneno mazito ya kiofisi, yale yanayokuja katika barua za serikali na za mawakili, kwa sababu hayo ndiyo yanayowatisha. Kila wiki Nasur alinipa orodha ya maneno kumi, nami nikayafundisha: maana, matamshi, sentensi mbili za mfano.

Mkubwa wao kwa umri ni fundi wa mashine, Bwana Meng. Ana kama miaka hamsini na tano, mfupi, mkimya, na ana daftari lenye gamba la kijani ambamo huandika kila neno kwa Kiingereza, chini yake kwa Kichina, na chini kabisa kwa Kiswahili, kwa sababu anasema wanaofanya kazi na mashine zake wanazungumza Kiswahili na si Kiingereza. Ni mwanafunzi wa kukuchosha. Ukimpa maana ya neno, anakuuliza lini halitumiki.

Jumamosi ya tarehe 22 Machi tulikuwa katika kumi la mwisho la Ramadhani. Neno la saba katika orodha ya Nasur lilikuwa "abscond". Pembeni yake alikuwa ameandika kwa mkono wake: kutofika kazini, kwa lugha ya heshima. Alikuwa hata amenipigia simu kuniambia hilo nisilichambue sana, niwape hivyo hivyo.

Nilijua si sahihi. Neno hilo, dada, maana yake ni kutoroka. Ni kuondoka kwa siri ili usikamatwe, kama karani aliyekimbia na sanduku la ofisi, au mshitakiwa aliyeruka dhamana. Mtu aliyekosa kwenda kazini kwa sababu ya homa hatajwi kwa neno hilo. Lakini nilikuwa na swaumu, kichwa kinaniuma, na nikaandika ubaoni kama Nasur alivyotaka. Hilo ni langu na sitalificha.

Bwana Meng akanyoosha mkono. Alisema kamusi ya simu yake inampa maana nyingine. Akaja ubaoni, akachora herufi mbili za kwao. Ya kwanza ina matone matatu ya maji ubavuni, na alisema maana yake ni kupiga mbizi. Ya pili ni kukimbia. Mtu anayezama majini asionekane, halafu anakimbia. Akaniuliza ni ipi iliyo kweli, yake au ya ubaoni.

Niliona haya. Nikafuta, nikawaambia kamusi yake ndiyo ya kweli.

"Lazima mtu atake mwenyewe kuondoka?" akauliza.

"Lazima."

"Akibebwa na watu wengine?"

Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka. Nikamwambia anayebebwa hawezi kutajwa kwa neno hilo hata siku moja. Yeye hakucheka. Aliandika, akapiga mstari chini yake mara mbili, akaniuliza kwa Kiswahili linasemwaje. Nikamwambia: kutoroka. Aliliandika na hilo, akafunga daftari kabla kipindi hakijaisha, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mimi nikafikiri ni uchovu.

Katikati ya mwezi wa nne alikuja shuleni mama wa mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili. Anaitwa Hortense. Ni Mkongo wa Bukavu, mkimbizi, anaishi Kansanga na binti yake. Kabla ya hapo nilikuwa nimemwona mara mbili tu, siku za wazazi, amevaa kitenge kilichopigwa pasi kikasimama. Siku hiyo kitenge kilikuwa kimefungwa ovyo na mkono wa kuume ulikuwa bandeji tupu mpaka kiwiko. Alinuka dawa na usaha. Sikujua kabisa kwamba alikuwa akifanya kazi katika kiwanda kile kile ninachofundisha.

Alinieleza kwamba tarehe 11 Machi mashine ya kukata soli ilimkamata mkono. Vidole viwili vilikwenda pale pale. Madaktari walimshona, lakini kidonda kimeoza na kidole gumba kiko hatarini, lazima apasuliwe tena. Hospitali imemwomba barua ya mwajiri inayosema ameumia kazini ili bima ya kiwanda ihusike. Barua anayo. Amewapelekea, wakamrudishia, wakamwambia hii siyo. Haelewi kwa nini. Yeye amesoma kwa Kifaransa, na barua ni ya Kiingereza. Akanipa niisome.

Rukiah, ilikuwa na mistari mitano. Ilisema kwamba mfanyakazi mwenye namba iliyotajwa hapo juu "absconded" kuanzia tarehe 11 Machi, kwamba kiwanda hakijui aliko, na kwamba hakina tena uhusiano naye. Chini ilikuwa na saini ya Nasur, saini ya msimamizi mmoja kama shahidi, na chini kabisa saini ya Hortense mwenyewe, herufi zimepinda kama za mtoto wa chekechea, kwa sababu alitia kwa mkono wa kushoto.

Nikamuuliza ilikuwaje akatia saini. Akasema Bwana Nasur alikuja wodini siku ya sita baada ya ajali. Alikuwa na kanzu na kofia, akasema amefunga, akamletea juisi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda akamsomea barua yote kwa Kiswahili, taratibu, mstari kwa mstari. Alimsomea kwamba kiwanda kinasikitika kwa ajali iliyompata, kinamwombea apone haraka, na kitagharamia matibabu yake. Hortense alimshukuru. Alimwambia Mungu amlipe, kisha akatia saini.

Nilikaa na ile karatasi mkononi. Nimeona uongo mwingi katika maisha yangu. Huu wa kumsomea mgonjwa maneno ambayo hayapo kwenye karatasi, na swaumu mdomoni, sijawahi kuuona. Na alikuwa ameutunga kwa ustadi, dada. Mistari mitano ya uongo kwa Kiswahili, ilingane na mistari mitano ya Kiingereza.

Ilinibidi nimwambie. Nilimsomea tena, safari hii kwa haki. Nilipofika kwenye lile neno nikamwambia maana yake. Hakulia. Akasema kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Mwalimu, vita ndiyo nilikimbiaka. Kazi, hapana."

Jumatatu iliyofuata nilikwenda ofisini kwa Nasur wakati wa chakula cha mchana. Sikwenda kugombana. Nilikwenda nikiwa bado natumaini ataniambia kuna kosa, kwamba karani alichanganya majina. Alikuwa anakula samaki. Nikaweka nakala ya barua mbele yake, akaitazama, akaendelea kutoa miiba.

Alinieleza bila kupandisha sauti, kama anayemfundisha mtu mzito wa kuelewa. Ile mashine ilikuwa imetolewa kinga yake ya chuma ili ikate haraka zaidi. Ikiandikwa kwamba ni ajali, wakaguzi watakuja, wataona, watafunga kiwanda. Watu mia tatu watakaa nyumbani, wengi wao akina mama. Akaniuliza kama nataka mama mia tatu walie kwa ajili ya vidole viwili. Nikamuuliza ni nani aliyetoa amri ya kung'oa kinga. Akavuta sahani karibu.

Nikamwambia kwamba amemwandika mtu mgonjwa kuwa mtoro.

"Ni neno tu, Sumayiya," akasema. "Na wewe ndiye mwalimu uliyewafundisha."

Akafuta mikono kwa kitambaa, akanikaribisha samaki.

Hapo ndipo nilipoelewa ile orodha, na Bwana Meng baadaye akanithibitishia. Walitaka msimamizi wa zamu ya siku ya ajali asaini kama shahidi, na msimamizi wa zamu alikuwa Bwana Meng. Nasur alimwambia lile neno lina maana ya kutofika kazini tu. Meng akasema atasubiri mpaka Jumamosi amuulize mwalimu. Kwa hiyo Nasur aliliweka katika orodha na maana yake ya uongo pembeni, ili mimi niitie muhuri. Kama yule mzee asingenyoosha mkono, ningekuwa nimeutia. Meng alikataa kusaini. Wakampata mwingine aliyesaini bila kuuliza.

Nilitoka pale nikiona uchafu mwilini mwangu. Nilinawa mikono nilipofika nyumbani, nikanawa tena, na sikuwa nimegusa kitu chochote chake.

Jumamosi niliwaambia wanafunzi wangu kwamba sitapokea tena orodha kutoka ofisini. Baada ya kipindi Bwana Meng alibaki. Sikumwomba kitu, naapa. Ni yeye aliyesema kwamba ameandika barua, na anataka nimsahihishie makosa. Ilikuwa ya Kiingereza, ukurasa mmoja, kwa mwandiko wa mviringo. Nakutafsiria kama ilivyokuwa:

"Jina langu ni Meng. Mimi ni fundi wa mashine. Tarehe 11 Machi saa nne asubuhi mashine namba tatu ilikamata mkono wa Hortense. Haikuwa na kinga. Mimi nilizima umeme. Mimi na watu wawili tulimbeba. Alitoka kwa lango kubwa. Watu wote waliona. Hakutoroka."

Nilimwambia hakuna kosa hata moja. Nilimwambia pia kwamba anaweza kupoteza kazi. Alisema anajua, akaniuliza ofisi ya afisa wa kazi iko wapi.

Tulikwenda watatu, mimi, yeye na Hortense, na kesi ikapangwa katikati ya mwezi wa tano. Afisa wa kazi ni mama mmoja anayeitwa Atoo, binti wa mwanajeshi, aliyekulia kambini, na Kiswahili chake ni cha kambini, hakina mapambo. Nasur alikuja na mwanasheria wa kiwanda. Hakunitazama. Mwanasheria alizungumza Kiingereza kwa nusu saa nzima, na Hortense alikuwa ameketi kama mtu aliyeko kwenye msiba wa wasiomhusu. Bi Atoo alimwacha amalize. Kisha akampa Nasur ile barua.

"Huyu mama anasema ulimsomea kwa Kiswahili," akamwambia. "Somea tena. Mimi pia nasikia Kiswahili."

Nasur alisimama kuisoma. Unaijua sauti yake, nzuri, ile iliyomfanya awe anaitwa kusoma kwenye maulidi tangu mdogo. Alisoma tarehe. Alisoma jina la kiwanda. Alipofika kwenye lile neno akanyamaza. Feni ilikuwa inazunguka, na nilimwona Hortense ameinua uso kwa mara ya kwanza, anamtazama mdomoni.

"Hakufika kazini," akasema Nasur.

Bwana Meng hakuwa ameulizwa. Kiswahili chake ni cha lete, simama, polepole. Aliinuka akiwa ameshika daftari lake, akasema, "Hapana. Toroka."

Hakuna aliyecheka. Bi Atoo akamuuliza Nasur kama Mchina amekosea. Nasur akasema hakukosea. Akamuuliza, basi, huyu mama alitoroka? Nasur akatazama mezani na kusema hapana. Hiyo "hapana" ilimchukua muda mrefu kuliko hotuba yote ya mwanasheria.

Barua ikafutwa siku ile ile na nyingine ikaandikwa, yenye maneno ambayo hata mtoto angeyaelewa. Hortense amepasuliwa. Kidole gumba kimeokoka, kile cha shahada pia, na anaweza kushika kijiko. Kusuka nywele, kazi aliyokuwa akiifanya Bukavu, hataweza tena. Mashine zimerudishiwa kinga. Kiwanda hakikufungwa hata siku moja, na wale mama mia tatu wako kazini mpaka leo.

Bwana Meng mkataba wake ulikuwa wa mpaka Desemba. Wamemrudisha kwao mwishoni mwa Mei, kwa sababu ambazo hawakuziandika. Alikuja shuleni kuniaga. Alisema ana mke na mjukuu ambaye hajawahi kumwona, kwa hiyo si vibaya sana. Nilitaka kumwambia mengi na nikaishia kumshika mkono. Nimeacha kufundisha pale.

Nasur hakuguswa, na yuko kwenye kiti chake kile kile. Ningeweza kuishi na hilo. Siku ya Idi kubwa tulikusanyika kwa Mama Mkubwa kama kawaida, pilau, nyama ya kondoo aliyemchinja Nasur, majirani wamejaa mpaka barazani. Nilikuwa nimekubali kwenda kwa ajili ya Mama Mkubwa. Katikati ya chakula mzee mmoja wa msikitini akamsifu Nasur kwa kusikia kwamba kiwandani kwao wanawajali wanaoumia. Na ndugu yako akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa, akasema, "Yule Mkongo, wallahi nilimpigania mpaka akapata matibabu." Watu wakamwombea dua. Mama Mkubwa alifuta machozi ya furaha.

Nilikuwa na kipande cha nyama mdomoni na hakikupita. Nilikwenda uani nikakitema, nikachukua mkoba wangu, nikaenda zangu. Hicho ndicho kiburi changu ulichoambiwa.

Dada, sikuombi umchukie. Damu haiwi maji, na kama angekuwa mgonjwa ningemuuguza. Lakini kinyaa si chuki, na sijui dawa yake. Nikisikia sauti yake nje ya mlango, natokea mlango wa uani. Mama Mkubwa anataka tupatane na mimi namwitikia ndiyo, kisha siwezi.

Amesema atakuja kwenu mwezi wa nane. Mpokee, mlaze vizuri, mpikie. Atakusimulia haya yote kwa namna yake, na utamwamini, kwa sababu anasimulia vizuri kuliko mimi. Mwache amalize. Kisha muulize yule mwanamke anaitwa nani. Tangu nilipompelekea ile barua mpaka leo, ofisini kwake, mbele ya Bi Atoo na mezani, sijamsikia akilitaja jina lake hata mara moja. Nataka kujua kama mbele yako ataweza.

Nisalimie shemeji, na Shamim, na mwanao Fadhul umwambie asiache kusali kwa sababu ya mpira. Salamu kwa mama mkwe wako, nasikia bado anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Wa huku wote wanakusalimu, Mama Mkubwa wa kwanza, ingawa hajui kwamba ninakuandikia. Mungu awalinde mikono na miguu, awape riziki isiyo na doa, na atukutanishe tukiwa na mioyo myeupe.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye tangu siku za kitanda kimoja,

Sumayiya